Matikiti ya Zeri

Mchana mmoja wa Septemba, Temo alikaa kwenye kibanda chake cha matete kando ya Mto Tigris, chini ya kuta nyeusi za Diyarbakir, akapasua tikiti la kwanza la mwaka. Mkate ulikuwa umeshatandazwa juu ya kitambaa, na jibini, na pilipili mbili za kuchoma. Kisu kilipofika katikati, tikiti likaanza kuimba. Lilikuwa na sauti ya Zeri, mke wake, aliyezikwa Februari.

Goze, dada yake Zeri, alikuwa upande wa pili wa kitambaa akimega mkate. Alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa.

"Kaanza juu mno," alisema. "Siku zote nilikuwa namwambia, ukianza juu hivyo sauti itakukatikia njiani."

"Haijakatika," alisema Temo.

"Ngoja, shemeji. Tutaona."

Ulikuwa wimbo wa wavunaji, ule wa kumsimanga mvunaji mvivu, na Zeri aliufikisha mwisho salama. Tikiti likanyamaza. Wakalila. Goze akasema ni tamu, ila lingengoja siku mbili zaidi.

Temo alijua sababu ya tikiti kuimba. Matikiti ya kule hayapandwi juu juu kama maharage. Maji ya mto yakishapungua, mtu huchimba shimo kwenye changarawe, akatia samadi ya njiwa, akafukia mbegu humo, na mizizi hujitafutia maji yenyewe. Mwaka huo, alipokuwa akichimba, jembe liligonga debe la siagi lililoliwa na kutu. Ndani yake mlikuwa na kaseti zilizopasuka, utepe wake wa kahawia umetapakaa kama matumbo ya kuku. Aliutazama sana. Kisha akamwaga samadi juu yake, akapanda. Mgongo haukumruhusu kuchimba kwingine, na samadi ni samadi.

Debe lile alilizika mwenyewe, zamani, angali kijana. Binamu yake alikuwa amerudi kutoka Ujerumani na redio kaseti, na majira yale yote ya baridi Temo alimrekodi mkewe. Zeri hakuwa mtu wa kuimba hadharani. Mwanamke wa kuimba hadharani alisemwa. Aliimba nyumbani, akichambua dengu, akisukasuka maziwa, akimbembeleza binti yao mchanga. Wimbo wa kubembeleza aliutunga mwenyewe, nao ulikuwa mrefu kuliko zote, upande mzima wa kaseti, maana mtoto alikuwa mgumu kulala. Humo alimwita Keje, jina alilompa siku alipozaliwa. Kwenye cheti aliandikwa Sevil, kwa kuwa karani alisema hilo lingine si jina.

Kisha wanajeshi wakashika nchi. Jirani wa mlango wa pili alichukuliwa kwa ajili ya kaseti moja ya Kikurdi, lugha yao, iliyokuwa imepigwa marufuku. Alirudi hana meno ya mbele, na hakusema alikuwa wapi. Jioni ile ile Temo akalizika debe mtoni. Aliporudi, mchanga ungali kwenye kucha, akamwambia mkewe asiimbe tena, wala asimwite mtoto Keje, wala asiseme naye kwa lugha yao. Mtoto huokota maneno kama kuku anavyookota punje, alisema, kesho atayatema mbele ya mwalimu.

"Nizungumze naye kwa lugha gani basi?" Zeri aliuliza.

"Kituruki."

"Kituruki changu mimi unakijua, Temo."

Alikijua. Kilikuwa njoo, kula, lala. Hicho ndicho alichomlelea binti yake. Mwanamke aliyekuwa na maneno ya kujaza bonde alimlea mwanawe wa pekee kwa maneno yasiyojaza kiganja, na alipokosa neno alimtengeneza ukosi wa shati. Mtu akitaka kumlaumu Temo na amlaumu, lakini kwanza amtafute yule jirani amtazame mdomoni.

Na kweli, Sevil alisalimika. Hakupigwa shuleni, alisoma, akawa mfamasia Izmir, kule baharini upande wa magharibi, na Kituruki chake kikawa safi hata hakuna aliyemuuliza kwao ni wapi. Miaka ikapita. Siku moja serikali yenyewe ikafungua televisheni ya Kikurdi. Temo akaingia jikoni mbio mbio kama mtu aliyeokota dhahabu.

"Zeri! Sasa ruksa! Imba!"

Zeri alikuwa anachambua dengu. Hakuinua kichwa.

"Ruksa ya nani?" alisema. "Wao hata jina langu hawakulijua. Mimi niliambiwa ninyamaze na wewe."

Akaendelea na dengu zake. Hakuimba siku ile wala nyingine yoyote, mpaka Februari. Majuto ni mjukuu, wanasema. Huyu wa Temo alikuwa ameshaota ndevu.

Kwenye mazishi Sevil alikaa siku mbili. Wanawake walilia kwa maneno asiyoyajua, naye akawapa chai. Alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni, begi begani, akamwambia baba yake kwa upole, "Mama hakunipenda, baba. Sina kinyongo, nisikudanganye. Ila najua."

Temo alitaka kujibu. Kituruki chake alikipata jeshini na sokoni: simama, ndiyo mkuu, kilo ngapi, ni tamu hili wallahi. Alipekua humo ndani, hakupata la kumjibu binti yake. Teksi ikaondoka.

Ndiyo maana tikiti la kwanza lilipomaliza kuimba, kabla hata hajanawa, alishika simu.

"Njoo," alimwambia. "Matikiti yameiva."

"Baba, huku nako matikiti yamejaa tele."

"Haya yana sauti ya mama yako."

Alikuwa dukani kwake. Kengele ya mlango ilisikika.

"Mama alikuwa na sauti?" Sevil aliuliza.

Akasema ataomba siku mbili mwisho wa mwezi. Wakati huo Temo aliendelea kupasua, tikiti moja baada ya jingine, akiutafuta ule wimbo wa kubembeleza ili ajue uko kwenye mstari upi amwekee binti yake. Hakuupata. Alipata nyimbo za harusi, na wimbo wa kumcheka mama mkwe, ambao Goze aliuomba urudiwe, lakini tikiti huimba mara moja tu. Majirani walianza kuja na sahani.

"Mzee Temo, nipe la harusi. Nina wageni."

"Nitalijuaje kabla ya kulipasua?"

"Kwani si mkeo?"

Mwishowe shamba likabaki na tikiti moja, kubwa kuliko yote, ambalo mtu mmoja hawezi kulikumbatia. Temo akaligonga kwa vidole, akaweka sikio. Wimbo wa kubembeleza ulikuwa umo humo. Shida ni kwamba lilishapigwa rangi ya wasimamizi. Mwezi Julai, kabla ya yote haya, alikuwa ameliandikisha kwenye mashindano ya matikiti ya mji, kama anavyofanya kila mwaka, na tikiti likishapigwa rangi hupasuliwa jukwaani. Alikwenda kuomba alitoe. Wakamwambia mzee, sheria ni sheria. Siku ya mashindano ikaangukia siku ile ile ya Sevil.

Basi Sevil alitoka uwanja wa ndege akaenda moja kwa moja kwenye mashindano, na viatu vyake vya mjini, akasimama kati ya baba yake na mama yake mkubwa. Jukwaani palikuwa na bendera, kipaza sauti, na waheshimiwa wakijipepea. Katibu wa mashindano aliitwa Nejdet, kijana wa mtaa wa nyuma ya akina Goze, aliyevaa suti na kufunga tai ingawa jua lilikuwa linaua nzi. Tikiti la Temo likabebwa na wanaume wanne. Kisu kikaingia.

Zeri akaanza chini safari hii, taratibu, kama mtu aliyeketi karibu na susu la mtoto.

*Lala Keje, lala mwanangu, mlima umeshajifunika theluji.
Nina maneno mengi, Keje, nitakupa kidogo kidogo usije ukapaliwa.
Ukikua nitakupa jina la kila ndege wa bonde hili.
Ukiniona nimenyamaza usiende mbali,
ninatafuta tu neno linalokutosha.*

Beti zilikuwa nyingi. Wanawake wazee walivua mitandio yao myeupe wakafutia macho. Waheshimiwa waliotoka miji mingine walingoja kwa adabu, kama watu wanaongoja gari moshi lipite.

"Anasema nini?" Sevil alimuuliza baba yake.

"Anasema lala."

"Yote hayo ni lala?"

"Lala. Na ndege."

"Ndege gani, baba?"

Temo aliwajua ndege wale mmoja mmoja. Lakini kwa Kituruki hakuwahi kumuuza ndege wala kumpigia saluti. Alinyanyua mikono, akaipiga piga hewani kidogo, akaishusha.

"Hili neno analolirudia," alisema Sevil. "Keje. Keje ni nani?"

"Wewe."

"Mimi ni Sevil."

"Ndiyo. Kwanza Keje. Baadaye Sevil."

Sevil alimtazama kama anavyomtazama mteja aliyeleta karatasi ya daktari isiyosomeka. Wimbo ulipokwisha alipanda jukwaani. Nejdet alikuwa ameinama anaandika, na chozi limemkwama pembeni ya pua.

"Kaka, samahani. Wewe ni wa hapa. Niambie ilikuwa inasema nini."

"Kwenye kumbukumbu nimeandika ni sauti katika lugha isiyojulikana, dada. Ndivyo tunavyotakiwa kuandika."

"Mbona unalia?"

"Jua," alisema Nejdet. "Mimi ni mtu wa serikali, dada. Nina watoto."

Goze hakujua Kituruki hata cha kuombea maji, ila uso wa mtu alijua kuusoma. Akapiga kelele kutoka chini, "We Nejdet! We mtoto wa Zerga! Ziwa ulilonyonya lilikuwa la lugha gani?"

Watu wakacheka. Nejdet naye nusura acheke. Kisha akakiinamia kipaza sauti, akasema kwa Kituruki fasaha kwamba bibi aliye mbele anaombwa atulie. Kwa kuwa kanuni hazikusema lolote juu ya sauti, tikiti la Temo halikuondolewa. Lilipewa nafasi ya pili.

Walirudi kibandani na vipande walivyoachiwa. Goze akamketisha Sevil kwenye godoro, akamshika kidevu, na akaanza kumweleza wimbo wote kwa Kikurdi, ubeti kwa ubeti, kwa sauti kubwa na taratibu, kama mtu anavyosema na kiziwi. Alimweleza habari za theluji. Alimweleza habari za neno linalotosha. Kila alipomaliza aliuliza, "Umeelewa, mwanangu?" na Sevil, ambaye hakuelewa hata moja, alitikisa kichwa kukubali, kwa heshima. Temo alikaa pembeni anawasikiliza, mikono magotini. Angetoa shamba lote, na kibanda chake, apate maneno kumi tu ya kuweka kati ya wanawake wale wawili. Hakuwa nayo. Alikuwa ameyazika mwenyewe, na mbegu huota mara moja.

Siku ya kuondoka, Sevil alikula kipande cha mwisho akiwa amesimama, akazitema mbegu kwenye karatasi, akaifunga na kuitia mkobani.

"Baba," alisema. "Yule aliyekuwa anaimba. Alimpenda huyo Keje, au sivyo?"

"Sana."

"Basi ni vizuri kwake," alisema Sevil, akambusu baba yake mkono, akauweka kwenye paji la uso wake, akaingia kwenye teksi.

Mwaka uliofuata Temo alipanda pale pale. Matikiti yalitoka makubwa, matamu, yasiyo na neno. Utepe ulikuwa umekwisha. Majirani waliacha kuja na sahani, na Goze alilala mchana.

Vuli ilipoingia simu ikalia.

"Zile mbegu niliziotesha barazani kwangu," alisema Sevil. "Kwenye beseni. Limetoka moja, dogo, kama kichwa cha mtoto."

"Lipasue," alisema Temo. Alikuwa ameshasimama.

"Nimelipasua jana."

"Limeimba?"

"Limesema. Ni sauti yake, baba, nimeitambua."

Temo aliishika nguzo ya kibanda. Goze akaamka, akauliza kwa ishara ni nani, akatulizwa kwa mkono.

"Limesema nini?"

Kule Izmir kengele ya mlango wa duka ililia, na Sevil akamwambia mtu asubiri kidogo.

"Njoo," alisema. "Kula. Lala. Likamaliza."

Temo akaikandamiza simu sikioni.

"Hayo nayajua, baba," alisema Sevil. "Hayo nilikuwa nayajua."