Nyumba Iliyofuatwa na Shule

Letisia na mumewe Moses waliporudi kwao kutoka ukimbizini Tanzania, kiwanja pekee walichokimudu mjini Gitega kilikuwa mwisho kabisa wa mtaa wa Musinzira, kando ya korongo. Watu waliwacheka mpaka wakashika mbavu. Lakini Mungu si Athumani: jirani nao ikajengwa shule nzuri, na mkuu wake akatangaza kwamba watoto wa mtaa ndio watakaopokelewa kwanza. Weee! Waliocheka wakaanza kuja kusalimia. Kila mwaka bei ya nyumba ikapanda, na nyumba yenyewe ni ileile, na paa lake ni lilelile linalovuja.

Moses aliuza mchele Kobero, mpakani, na safari zilikuwa zimemchosha. Kwa bei ya kibanda hiki angejenga Muyinga, karibu na mpaka huo, nyumba ya vyumba sita. Letisia hakutaka hata kusikia. Binti yao Upendo angeanza darasa la kwanza mwezi wa tisa.

Jumamosi moja Letisia akarudi kutoka sokoni na kukuta majirani uani wamezunguka kreti ya bia, pamoja na Ruth, mfanyabiashara wa kutoka Uvira. Kwa desturi ya huku mnunuzi wa nyumba huleta bia, na majirani wakishainywa wamekuwa mashahidi, biashara imekwisha. Moses, aliyekulia kambi ya wakimbizi, angelijulia wapi hilo? Yeye alidhani mgeni kaja na zawadi tu, bei wataongea baadaye, akawa anafungua chupa huku anacheka.

"Asinywe mtu!" Letisia akapaza sauti.

Bibi Klara, jirani yao, alikuwa ameshajaza mdomo. Akabaki mashavu yamevimba, anamtazama mume, anamtazama mke, mwisho akaitema kwenye maua.

"Mke wangu, si bia tu hii?"

"Bia! Nyumba yetu ndiyo unayoifungua hapo!"

Watu wakaangua kicheko. Ruth akaona haya. "Mama Upendo, unisamehe. Nilizani mulisikilizana. Kusema kweli nyumba yenu iko kidogo. Njo ile nafasi ya masomo nilikuya kununua, juu ya batoto bangu basome."

"Na wangu nimpeleke wapi?" Letisia akamgeukia mumewe. "Moses, shule ya kambini ilifungwa ukiwa darasa la tatu. Mpaka leo pale Kobero unaomba watu wakusomee karatasi za forodha. Hivyo vyumba sita vitamfundisha Upendo kusoma?"

Moses akaweka chupa chini. Kisha akasema, "Mama Ruth, siuzi. Ila nyuma kuna vyumba viwili. Panga humo, na watoto wako watakuwa wa mtaa huu."

"Sasa tunaweza kunywa?" akauliza Bibi Klara.

Wakanywa, na hakuna kilichouzwa.

Mwezi wa tisa Moses aliacha mchele wake, akampeleka Upendo mwenyewe, kisha akasimama nje ya dirisha la darasa, watoto ndani wakianza kuimba herufi. Mwalimu akatoka.

"Baba, watoto wote wameshaingia. Nenda nyumbani."

"Naenda, mwalimu," Moses akajibu, machozi yakimtiririka bila aibu. "Niache kwanza niisikie hii herufi moja."