Nyeusi Kumi na Sita

Pudensiana alifundisha hisabati katika sekondari moja ya Moshono, na kwa drafti hakuwa na mpinzani. Mafundi magari wa Sakina walimjua vizuri. Jumamosi akitoka sokoni alikuwa anapita gereji kwao, anaweka kikapu chini, anawafunga wawili watatu kwa vizibo vya soda, halafu anaendelea na safari yake. Mchezo huo alifundishwa na baba yake kule Rombo tangu akiwa darasa la pili.

Jumamosi moja ya mwaka tisini na tatu alimkuta pale gereji fundi Sumari, jirani yake, amekaa mbele ya kikombe cha chai kilichopoa. Sumari alikuwa Mmeru wa makamo aliyejenga karibu nusu ya nyumba za mtaa wao.

"Shikamoo, fundi. Mbona hivyo, kuna msiba?"

"Marahaba, mwalimu. Ni mawe tu. Yatanifukuzisha kazi."

Akaeleza. Melkizedeki, mfanyabiashara aliyetajirika tangu milango ya kuagiza bidhaa nje ilipofunguliwa, alikuwa anamalizia jumba lake hapo Sakina. Kwa ajili ya veranda alileta vipande kumi na saba vya marumaru kutoka Nairobi, kila kimoja na ua lililotambaa kutoka ncha hadi ncha. Alikataza kabisa kukata hata kimoja. Sumari alikuwa amevipanga na kuvipangua siku tatu bila saruji, na kila mara mambo yalikuwa yale yale: kipande kimoja kinabaki mkononi, na sakafuni yanabaki matundu mawili yasiyokutana.

"Sasa anasema sijui kazi. Jumatatu analeta fundi mwingine, na ameshawatangazia watu kanisani."

Pudensiana akainua kikapu chake. "Twende nikaione."

Veranda ilikuwa ya mraba. Kipande cha marumaru kilikuwa na urefu mara mbili ya upana wake, kwa hiyo Pudensiana aliigawa sakafu kwa jicho: miraba sita kwa urefu, sita kwa upana, na kila kipande kinakula miraba miwili. Kwenye pembe ya mlangoni ilisimama nguzo ya paa, imekula mraba mmoja. Kwenye pembe ya mkabala, kwa mshazari, uliachwa wazi mraba mwingine wa kupanda mti wa mapambo. Ilibaki miraba thelathini na minne, na vipande kumi na saba. Kwa hesabu ya haraka vilitosha sawasawa.

Akaomba chaki na mkaa, akapiga magoti na kuanza kupaka miraba, mmoja mweusi kwa mkaa, mmoja mweupe kwa chaki, kama kibao cha drafti. Alikuwa anamaliza mstari wa mwisho Melkizedeki alipotokea.

"Mwalimu, karibu. Ila hapa hatuchezi drafti."

"Shikamoo, mzee. Ndicho mnachocheza tangu Jumatano, na mnafungwa."

Vibarua wawili waliokuwa wakichanganya zege wakaangua kicheko. Melkizedeki hakucheka, lakini hakuondoka.

"Hesabu nyeusi," Pudensiana akamwambia.

Mzee akahesabu. Kumi na sita.

"Nyeupe?"

"Kumi na nane."

"Sasa laza kipande popote unapotaka. Kitafunika nini?"

Melkizedeki akatazama kipande, akatazama sakafu. "Nyeusi moja na nyeupe moja."

"Kila mara. Huwezi kukilaza kikapata nyeupe mbili. Kwa hiyo ukishalaza kumi na sita, nyeusi zimekwisha, na nyeupe mbili zimebaki zinatazamana kwa mbali. Fundi Sumari hajakosea. Hata ukileta fundi kutoka Ulaya, akakaa hapa mwaka mzima, atabaki na kipande mkononi."

Sumari alikuwa amechuchumaa, anazifuata rangi kwa kidole. "Siku tatu," akasema polepole. "Na jibu lilikuwa kwamba haiwezekani."

"Haiwezekani na mti ukiwa pale," Pudensiana akasema. "Nguzo imekula nyeusi, na mti nao umekula nyeusi. Hamishia mti kwenye nyeupe. Yoyote."

"Yoyote?" Melkizedeki akadaka neno. Mtu wa biashara huyo, alijua kunusa majivuno. Akachukua ndoo, akatembea sakafuni akitafuta mahali pabaya, akaitua kwenye mraba mweupe karibu kabisa na katikati. "Haya. Hapa."

Pudensiana hakuwaza hata kidogo. Akachora kwa chaki njia moja iliyopanda mraba kwa mraba kando ya ukuta wa kushoto mpaka juu, ikashuka ikienda kulia na kurudi, mstari kwa mstari, ikapita kila mraba mara moja na kurudi ilikoanzia.

"Njia hii inabadili rangi kila hatua. Nguzo imeikata penye nyeusi, ndoo imeikata penye nyeupe. Kila sehemu ya njia iliyobaki inaanza na rangi moja na kuisha na nyingine, kwa hiyo miraba yake inagawanyika kwa mbili. Fundi, anzia kwenye nguzo, fuata chaki, usiruke."

Sumari na vibarua wakabeba. Kipande baada ya kipande, wakageuka pale chaki ilipogeuka. Cha kumi na saba kilizama mahali pake bila kusukumwa. Sumari akabaki ameinama, mikono magotini, akiitazama sakafu iliyojaa.

Melkizedeki akaizunguka ndoo mara mbili. "Sumari," akasema hatimaye, "nilikusema vibaya mbele za watu. Kesho nitalisahihisha pale pale kanisani."

Na kweli alilisahihisha. Mti ukapandwa pembeni, upande wa ngazi, kwenye mraba mweupe, na fundi mwingine hakuja.

Mwezi uliofuata Sumari alibisha hodi kwa Pudensiana akiwa na karatasi iliyokunjwa. Amepata kazi Kisongo, vipande vya huko vimepinda kama herufi L, vinakula miraba mitatu, navyo vimegoma kuijaza sakafu.

"Nimejaribu rangi mbili, mwalimu. Zimekataa kuniambia kitu. Nimejaribu tatu, nazo vilevile."

Pudensiana akaigeuza karatasi huku na huku. Hakulijua jibu, na hilo lilimfurahisha sana. Akamvutia fundi kiti, akaenda kutafuta penseli nyingine.