Protini ya Alphonce na Maji ya Magadi

Jumamosi ya tarehe 15 Machi 2025, saa nne kasoro robo asubuhi, ukungu ukiwa umeuziba mji wa Soni na manyunyu yakidondoka, Alphonce aliwasili kwa Dakta Kristofa amevaa suti ya mahafali yaliyokuwa hayajatangazwa.

Kristofa ndiye mtahini wa tasnifu yake. Zamani, katika bweni la shule, walilala kitanda kimoja cha ghorofa miaka minne.

Tasnifu ilihusu peroksisomu, vifuko vidogo ndani ya seli vinavyovunja mafuta na sumu. Alphonce alidai kugundua protini iliyozama katika utando wa kifuko hicho, imara kama nguzo ya nyumba. Nguzo hiyo ilikwisha kuchapishwa, kwa wino wa dhahabu, kwenye kadi za sherehe yake.

"Utando uliuosha kwa kitu gani?" Kristofa aliuliza.

"Kwa maji."

"Kwa maji hata vumbi la Mombo halitoki kwenye kola ya shati. Kwa magadi je?"

Magadi ndiyo hukumu: protini iliyozama hubaki, iliyojishikiza kwa nje hubanduka.

Alphonce aliikoroga chai isiyo na sukari. "Tuliosha mara moja. Ikabanduka yote. Nikaona nisikuchoshe kwa jambo dogo."

"Basi si nguzo, bwana. Ni mgeni aliyeegemea ukuta, nawe umemwandikia hati ya nyumba. Na kuegemea si aibu. Protini nyingi hufanya kazi ya maana zikiwa hapo hapo nje. Andika hivyo, nitasaini."

"Huo ni mwaka mzima mwingine, na kadi zimeshasambazwa." Alphonce alishusha sauti. "Ulipotoroka kwenda dansini Lushoto, nani alijitaja badala yako? Nani alifyeka uwanja juma zima? Leo nadai, ndugu yangu."

Kristofa, aliyezoea kujigamba kwamba hadaiwi na mtu, aliona haya. Ilikuwa kweli. Akainuka kwenda chumbani. Alphonce akafungua kalamu, akaiweka tayari juu ya karatasi.

Kristofa alirudi na fyekeo.

"Twende kwa mama yako."

Mbele ya nyumba ya mama, nyasi za uwanja wa sherehe zilifika magotini.

"Shikamoo, mama," Kristofa alisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Unatufyekea kwa ajili ya sherehe?"

"Hapana, mama. Nalipa adhabu aliyoitumikia mwanao kwa ajili yangu."

Alifyeka kila siku isipokuwa Jumapili, Alphonce akimtazama chini ya mwavuli, tasnifu kwapani. Juma lilipotimia, Kristofa alimaliza kona ya mwisho, akalifuta fyekeo kwa majani.

"Deni ulilonidai limekwisha, Alphonce. Tasnifu kairudie."