Kamba ya Kuzimia Injini

Siku mume wangu alipofariki usingizini, binti yetu alikuwa amekwisha vaa kofia ngumu. Ilikuwa Jumamosi, siku yao ya pikipiki, naye alikaa kizingitini akingoja baba yake aamke. Mimi ndiye niliyemvua kofia ile.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea, mnene, mtu wa kucheka kuliko kupumua. Watu walimwita Cheche. Pikipiki ndogo ya binti aliiunda mwenyewe kwa injini ya pampu ya maji, ikawa fupi hata mbwa wa jirani akaidharau. Ila masharti yake yalikuwa marefu: kofia, glavu, suruali nzito, viatu vya kufunika vifundo. Barabarani marufuku, ni uwanja wa nyuma ya karakana tu. Tena nyuma ya kiti alitia kipini chenye kamba. Binti akiendesha, yeye alikimbia nyuma ameishika. Akiona hatari alivuta, kipini kikachomoka, injini ikazima.

"Baba, unahema kuliko injini," binti alimwambia.

"Injini haijazaa. Ingezaa ingehema."

Baada ya matanga nilisema pikipiki iuzwe kama chuma chakavu. Nimezika mmoja, inatosha. Mdogo wa marehemu, ambaye sasa ndiye mwenye karakana, hakunibishia.

"Uza tu, shemeji. Lakini huyu ana miaka kumi na mitatu. Ukimnyima hii yenye kamba, atapanda za wenzake zisizo na kamba, wala hutaambiwa."

"Na atakayekimbia ni nani?"

"Goti langu unalijua. Miguu mizima humu ndani ni yako."

Binti akanitazama. "Mara moja tu, mama. Ukiogopa, vuta."

Nikakubali mara moja hiyo, ndiyo iamue kama pikipiki itabaki au itaondoka. Kamba ya zamani ilifungiwa turubai la msiba, haikurudi. Lakini mimi ni fundi cherehani, kamba itanishindaje? Nikashona mpya, imara, yenye pindo mbili. Na kwa kuwa sikutaka imshtue mtoto nikivuta, nikatumia lastiki, ile ya kiuno cha sketi.

Mzunguko wa kwanza alikwenda taratibu, nami nikajiona hodari. Wa pili akaongeza mafuta, na mbele yake ukawa ukuta wa matofali. Nikavuta. Lastiki ikarefuka. Nikavuta tena, ikarefuka kwa adabu zake zote, kama sketi ya mjamzito. Injini haina habari. Nakimbia, kandambili moja imebaki nyuma, na shemeji ananiita kutoka mlangoni, "Shemeji, unavua samaki?"

Machoni mwangu mtoto alikuwa amekwisha fika ukutani.

Kumbe aliachia mafuta, akabana breki ya nyuma, kisha ya mbele, polepole, akasimama mbali na ukuta na kuweka mguu chini. Hapo ndipo kipini kilipochomoka. Lastiki ikarudi mbio na kunizaba shavuni.

"Mama," akasema, "imeshazima. Waweza kuacha kuvuta."

"Nani kakufundisha kufunga breki hivyo?"

"Baba. Alisema nijue kusimama mwenyewe kwanza. Kamba ni ya kumtuliza yeye."

Nilicheka mpaka nikakaa mchangani, na hapo mchangani kicheko kikageuka. Binti akashuka, akakaa kando yangu bila kuvua kofia, akangoja nimalize.

"Usimwambie mtu habari ya lastiki," nilimwomba.

"Ameshaona baba mdogo. Basi imekwisha tangazwa."

Pikipiki haikuuzwa. Kamba ya sasa nimeishona kwa mkanda wa begi, haivutiki hata ukiifunga kwa ng'ombe. Kila Jumamosi nafunga duka langu la kushonea saa nne asubuhi, navaa raba, nashika kamba.