Adhana ya Mzee Safar Wodini

Iraj alikuwa ameupanga uongo wake tangu sikukuu ya mwaka mpya, akaupiga pasi mpaka ukanyooka. Mtoto akishazaliwa na kuchukuliwa na wenyewe, angepiga simu kijijini kwao, karibu na Malayer, aseme: "Baba, hatukujaliwa. Mtoto kazaliwa amekufa." Basi. Wangelia, wangenyamaza, na hakuna ambaye angemnyooshea kidole mkewe, Akram, kwamba amebeba mimba ya mwanamume mwingine.

Mwanamume mwingine! Hapo ndipo watu wa kijijini wangeng'ang'ania, hata uwaeleze mpaka mate yakukauke. Yai ni la Bi Parvaneh, mbegu ni ya mumewe, Kiyanush, madaktari wakaziunganisha kwenye chupa, Akram akaazima tumbo tu. Masheikh wameruhusu, na Iraj mwenyewe alitia sahihi, maana bila sahihi ya mume hakuna daktari wa kumgusa mke wa mtu. Lakini hayo nani amweleze mama yake? Bibi yule alikuja Tehran kwa mwaka mpya, akaona tumbo la miezi mitano, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Siku ile ile Iraj angesema. Wapi! Alichekacheka kama mjinga, akapokea pongezi. Na miezi minne iliyofuata kazi yake ikawa hiyo: kupika, kufua, kumkanda mkewe miguu iliyovimba, na kudanganya.

Leo asubuhi mtoto alizaliwa, wa kiume, mzima kabisa. Saa nane mchana, saa ya kutazama wagonjwa, Iraj alikuwa anapanda ngazi na Kiyanush na Parvaneh kutoka dirisha la kujazia karatasi za hospitali. Parvaneh alishika blanketi jipya. Iraj akawa wa kwanza kutokeza koridoni. Akasimama ghafla.

Baba yake, Mzee Safar, mwadhini wa kijiji kwa miaka thelathini, alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha watoto. Vumbi la safari bado lilikuwa begani, na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa ilikuwa miguuni pake. Mikononi alikuwa na mtoto. Mdomo ameuweka kwenye sikio la kulia la kile kichanga, anaadhini.

"Babu kamtaja mama kwa jina," muuguzi akamwambia Iraj, akitabasamu. "Mtoto wa Akram si ndiye huyu? Mbona umepauka hivyo?"

Ni kweli, utepe wa mkononi uliandikwa hivyo, mtoto wa Akram. Kwani ungeandikwaje?

"Iraj," Parvaneh akanong'ona, "yule mzee ni nani? Mbona kambeba mwanangu?"

Iraj akamsogelea baba yake. Mzee Safar akahamia sikio la kushoto, akasoma ikama, ule mwito mfupi wa kusimamia sala, kisha akasema kwa sauti ya kusikika koridoni nzima: "Na jina lako ni Alimorad, jina la marehemu baba yangu." Machozi yakamtiririka mpaka kwenye ndevu.

Blanketi likamponyoka Parvaneh. "Anaitwa Radin! Tumeshamwita Radin!"

Mzee akacheka. "Binti, umepotea njia. Wako atakuwa humo ndani, waulize. Huyu ni wetu, huoni hii pua? Iraj, mwanangu! Jirani yenu katwambia mko hospitali, nikarukia basi la alfajiri. Mama yako kakupikieni uji wa mzazi, zafarani kamimina yote! Njoo umshike mwanao."

"Baba, mpe huyo mama."

"Nimpe nani?"

"Ni wake, baba. Ni wake na wa huyu bwana. Akram kawabebea tu. Ni mambo ya madaktari, baba, hakuna mtu aliyemgusa mke wangu, nakuapia. Nilitia sahihi mwenyewe."

Lahaula! Mzee aliduwaa. Akamtazama mtoto, akamtazama Kiyanush, akarudi kuitazama ile pua aliyoisifu sasa hivi. Kiyanush aliinamisha uso kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye mwizi.

"Na mimi ungeniambia nini?" mzee akauliza polepole.

"Kwamba amekufa."

"Amekufa." Mzee alilirudia neno hilo. "Ungeniacha nimlilie mtoto anayepumua? Mimi baba yako? Huna haya, Iraj?"

Iraj alisubiri kofi. Angelipenda, hakika. Lakini mzee alimweka mtoto mikononi mwa Parvaneh, taratibu, akishikilia kichwa mpaka mwisho, kisha akaokota sufuria yake.

"Mkeo yuko na nani?"

Iraj akashtuka mara ya pili. Tangu asubuhi alikuwa akikimbizana na karatasi, dirisha hili na lile. Hakuwa amemwona Akram hata mara moja. "Yuko peke yake," akasema.

Walipoingia wodini, Akram alikuwa amelala kauelekea ukuta, gauni limelowa maziwa kifuani. Alipomwona mkwewe akajivutia shuka mpaka kidevuni.

"Baba, nisamehe. Sikufanya uchafu."

"Nani kasema uchafu? Umezaa, utakula." Mzee akafungua kitambaa, akachota uji, akamlisha mwenyewe kwa kijiko. Akram alikula huku analia.

"Kijijini watanisema, baba. Mama naye atanitupa. Na binti yetu Setareh watamwitaje?"

Mzee akaweka kijiko chini. Simu yake ikalia mfukoni. Ilikuwa kijijini, mkewe, Sakineh. Iraj akanyoosha mkono aipokee, uongo wake uko tayari mdomoni. Baba akausukuma ule mkono.

"Sakineh," akasema. "Hatukujaliwa. Kazaliwa amekufa."

Iraj hakuamini masikio yake. Mzee huyu hajawahi kudanganya hata kuhusu bei ya zabibu zake! Upande wa pili kilio kikapasuka. Wakati huo huo, nje ya mlango, Parvaneh alikuwa anapita na mtoto, na mtoto akaangua kulia kwa sauti kali. Mzee akaifunika simu kwa kiganja, lakini alikuwa amechelewa.

"Safar!" mama akasikika. "Na huyo anayelia ni nani?"

Mzee aliutazama mlango, akamtazama mkwewe.

"Mtoto wa watu, Sakineh," akasema, na ile sauti ya mwadhini ikakatika. "Ni mtoto wa watu."