Maji ya Moto ya Jirani

Gudrun aliweka kiganja juu ya bomba, akasonya. Lilikuwa vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa mezani. Nje barafu ilikuwa imeshika, na ndani ya banda lake la vioo miche ya nyanya ilikwisha kuanza kusinyaa. Usiku ule ukipita bila joto, miche yote ingekufa, na banda lile ndilo alilobaki nalo duniani.

Bomba lilitoka kwa Asger, mwenye kiwanda cha jibini upande wa pili wa uzio. Katika eneo lile la viwanda kila mtu aliishi kwa mabaki ya mwenzake. Maji ya moto yaliyobaki kwa Asger baada ya kuchemsha maziwa yalipasha banda la Gudrun, kisha yakaenda kuondoa baridi katika mabwawa ya samaki ya Preben, na uchafu wa samaki ukarudi kwa Gudrun kuwa mbolea. Mambo hayo yote walikubaliana zamani kwenye kahawa ya Ijumaa, ambayo kila mmoja wao huiandaa kwa zamu, na mikate yake.

Lakini Asger alikuwa amefiwa na mkewe, Birthe. Tangu mazishi kiwanda kilisuasua, mwenyewe haonekani, na bendera mbele ya mlango ilikuwa bado nusu mlingoti. Jamani, hiyo bendera! Mazishi yakiisha hupandishwa hadi juu, kisha hushushwa kabla jua halijazama. Ikilala nje, watu husema unampeperushia shetani. Hii ililala nje siku zote, majirani wakaitazama kupitia madirisha yao, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Kumwacha mfiwa atulie ndiyo heshima waliyoijua.

"Unakwenda kumdai maji ya moto mtu aliyefiwa?" Preben alimkuta akivaa koti. "Huna haya wewe!"

"Samaki wako nao wanatetemeka."

"Samaki wangu wana adabu. Wanatetemeka kimyakimya."

Gudrun alicheka bila kupenda, akavuka uwanja. Alinyata kama mwizi.

Asger alikuwa peke yake katika chumba cha kahawa, ndevu zimemjaa usoni.

"Samahani, Asger. Sikutaka kukusumbua. Bomba limepoa."

"Limepoa? Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Na mkanyamaza?"

"Tulisema tukuache upumzike."

"Nipumzike! Ijumaa iliyopita ilikuwa zamu yangu. Nilinunua mikate, nikachemsha kahawa, nikakaa hapa. Hakuna aliyekuja. Nikasema, ala, kumbe miaka yote hii walikuwa wanamfuata Birthe."

Gudrun aliona aibu ikimpanda hadi masikioni. Ijumaa ile walikuwa wote kwa Preben, wakinong'ona ili wasimsumbue.

"Tulikuwa kwa Preben," alisema. "Wajinga sisi. Tulikuwa tunakuzungumzia wewe tu."

Asger alijifuta macho kwa mkono wa sweta, bila kujificha. Kisha akasimama.

"Leo sina maziwa ya kuchemsha."

"Basi, usijali, nitajua la kufanya..."

"Hebu nyamaza, Gudrun. Nitachemsha maji matupu. Nyanya zako zitajuaje?"

Akawasha tangi la kuchemshia mwenyewe. Wakasimama pale mpaka bomba likaanza kugonga ndani kwa ndani, na Gudrun alipoligusa hakutaka kuondoa mkono.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama walipotoka nje. Asger alisimama chini ya mlingoti, akainua macho.

"Sikuweza," alisema. "Niliona nikiipandisha, ndiyo nimemaliza naye."

Gudrun alimsogelea. Alishika kamba. Ilikuwa imeganda, ikabidi wavute wawili, wakihema, mpaka bendera ikafika juu kabisa. Waliiacha ipepee kidogo, Asger akilia waziwazi na Gudrun akimshika mgongo. Kisha wakaishusha, wakaikunja pamoja, kila mmoja na pembe zake, wakihakikisha haigusi theluji.

Asger aliikumbatia ile bendera iliyokunjwa.

"Ijumaa hii ni zamu ya nani?"

Ilikuwa zamu ya Gudrun, na tayari alikwisha kuagiza mikate.

"Yako," alisema.