Sindano Isiyokandwa

Muuguzi Wanza aliutikisa unga mweupe katika maji yake mpaka ukawa kama maziwa, akamdunga Mbeyu pajani kabla haujatuama.

"Hapa pasikandwe, mama," alimwambia Kadzo. "Wala pasitiwe joto."

Kadzo aliitikia. Mwanawe alikuwa na miaka saba na kifua kimeshaanza kuchomoza. Sindano hii ya kila mwezi ndiyo iliyouzuia mwili wake usiukimbilie utu uzima. Alimwacha kwa mamake, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, akaharakisha kwenda kazini Shimanzi. Kwa haraka zile, neno la kukanda alisahau kabisa kumwambia.

Jioni, alipotoka kazini, alikuta sufuria inafuka mvuke na kitambaa cha moto kiko juu ya paja la mtoto.

"Mama! Umepakanda?"

"Nisipakande, mimi nani? Pamevimba, somo yangu analia." Mtoto alipewa jina lake, basi hamwiti vingine. "Wewe nilikukanda sindano ngapi? Ulichechemea?"

Kadzo alikiondoa kitambaa taratibu. "Hii si kama zile, Mama. Ule unga ni viduara vidogo mno, na dawa imo ndani. Vinayeyuka polepole, dawa inatoka kidogo kidogo mwezi mzima. Vikipata joto na kusuguliwa, huenda ikatoka kwa pupa, mwezi haujesha na yenyewe imekwisha."

"Na ikiisha?"

"Mwili unaanza tena kukimbia."

Bibi aliitazama sufuria. "Kumbe ni mtungi unaotoa jasho. Nami nimeuteleka motoni."

Kadzo alimpigia Wanza simu, akamweleza.

"Mara moja tu? Huenda haikuharibika kitu," alisema Wanza. "Msirudie. Mleteni Jumatatu tupime damu, tujue."

Bibi aliyasikia. Alimwaga maji uani, akarudi, akaketi. Mikono ile iliyokanda wazazi na wachanga wa mtaa mzima ilikosa pa kukaa.

"Jumatatu nakuja nanyi," alisema. "Huyo muuguzi aniambie mwenyewe mpaka wangu uko wapi." Kisha, kwa sauti ya chini: "Miguu je? Nayo imekatazwa?"

Kadzo alicheka, machozi yakimlengalenga. "Miguu kanda, Mama."

Mbeyu alikuwa ameshainyoosha yote miwili. "Anza na vidole, bibi."

"Haya, somo. Kaa mtoto kwanza. Ukubwa hauna mbio."